Aliyeshika Shuka

Miaka kumi na minane nimetunza negativu za studio ya Hozefa, hapa Shinyanga mjini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kupoteza hata moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mtakavyonifikiria mkifika katikati ya habari hii.

Negativu haina uso. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona mtu ana nywele nyeupe na meno meusi, bibi harusi kavaa gauni la msiba, na mzee aliyevaa suti nyeusi anaonekana kama kavaa kanzu. Ukitaka kumtambua mtu kwa sura humo, utashinda hapo mpaka jioni. Kwa hiyo tulikwenda kwa namba. Namba kwenye bahasha, namba kwenye daftari, namba kwenye karatasi ya mteja yenye mhuri wa studio. Mtu akija baada ya miaka sita anataka tena picha ya ubatizo wa mwanawe, sikumtazama usoni. Nilimwambia lete karatasi, na dakika mbili baadaye bahasha ilikuwa mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na mimi nilikuwa na madaftari kumi na moja.

Mwezi wa nane, mwaka tisini na tisa, shemeji yake Hozefa akamletea kamera kutoka Dubai. Haikuwa na filamu. Ilikuwa na kikadi chembamba, ukubwa wa kibiriti, kinaingia ubavuni kama barua kwenye sanduku la posta. Kipya kinyemi ingawa kidonda: Hozefa, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, alikwenda nayo mpaka msikitini kuwaonyesha wenzake.

"Mama Ignas, angalia," akaniambia. "Humu zinakaa picha arobaini. Unazihamishia kwenye kompyuta, unaifuta kadi, unapiga arobaini nyingine. Kadi ileile mpaka tuzeeke."

"Na negativu zinakaa wapi, Baba Kausar?"

"Hakuna negativu."

"Sasa picha ikipotea?"

"Haipotei. Si iko kwenye kompyuta?"

Nilinuna siku tatu. Makabati yangu manne yalikuwa yamejaa bahasha kuanzia sakafuni hadi darini, na mtu ananiambia kazi yote hiyo inaingia kwenye kitu ninachoweza kukimeza kwa bahati mbaya pamoja na kitumbua. Lakini kazi ni kazi. Binti yake, Kausar, kabla ya kurudi chuoni Dar es Salaam, alinikalisha mbele ya kompyuta asubuhi mbili, kisha akaniandikia hatua kwa kalamu ya bluu na kuibandika karatasi ubavuni mwa kioo. Chomeka waya. Fungua kadi. Chagua zote. Hamishia kwenye folda. Futa kadi. Na chini kabisa, akaipigia mstari: *Kompyuta ikiuliza chochote, kubali.*

Kausar ni mtoto mwenye akili na sikumlaumu wala simlaumu. Alijua Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na maswali ya ile kompyuta yalikuwa marefu kama wito wa mahakama. Inauliza kama una hakika unataka kufuta, ndiyo, nina hakika, nimeshakuambia. Nilizoea. Ilikuwa haijamaliza kuuliza mimi nimeshakubali.

Mwezi wa kumi ikaja kazi kubwa. Kulikuwa na machimbo ya dhahabu mbele ya Ushirombo, kuelekea Geita, na wenyewe walikuwa wamechoka na wageni wanaojipenyeza kwenye maduara yao, yaani yale mashimo wanayochimba, na kubeba mawe ya watu. Wakaamua kila mchimbaji awe na kitambulisho chenye picha. Walikuwa watu themanini. Kadi yetu ilikuwa moja. Hozefa akaenda Jumatatu akapiga arobaini, akarudi na karatasi zimeandikwa moja hadi arobaini. Nikahamisha, nikafuta kadi, nikachapa, nikakata, vitambulisho vikaenda kubandikwa plastiki. Wiki iliyofuata akaenda tena, akapiga arobaini wengine, namba arobaini na moja hadi themanini. Nikahamisha, nikafuta, nikachapa.

Ile mara ya pili, kompyuta iliniuliza swali katikati ya kuhamisha, mahali ambapo haikuwahi kuniuliza. Nakumbuka vizuri. Nikatazama karatasi ya Kausar, nikakubali. Ikaniuliza tena. Nikaona kuna kitufe cha kukubali kwa mkupuo, nikakibonyeza hicho, maana nilikuwa na chai inapoa.

Nilipofungua folda nikakuta picha arobaini, siyo themanini. Hata hilo sikulishangaa. Bahasha za zamani mimi huzisogeza kabati la nyuma ili mpya zikae mbele, na nikadhani kompyuta nayo ina kabati lake la nyuma, itanitolea ya zamani siku nikiitaka namba yake. Mcheke mkitaka.

Evelina alikuja wiki mbili kabla ya Krismasi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajifunga kanga mbili, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Nilikuwa peke yangu. Hozefa alikuwa amekwenda Mwanza kununua karatasi za picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "kaa hapo."

Akakaa, akamshusha mtoto, akatoa kitambaa kifuani na kukifungua. Ndani mlikuwa na karatasi yetu yenye mhuri, imekunjwa mara nne. Namba ishirini na tatu.

"Nimetoka Ushirombo," alisema. "Nimelala Kahama. Nimekuja kuomba picha ya mume wangu, Tarsisi. Alikuwa msimamizi wa duara kule machimboni. Walisema mzee wa studio ndiye aliyewapiga."

Nilimwuliza kwa nini asiichukue ile ya kwenye kitambulisho, ikatolewa nakala. Akamfuta mtoto kamasi.

"Tumemzika nacho."

Akanieleza. Tarsisi alishikwa na malaria kulekule machimboni, siku tatu tu. Wenzake walimwosha, wakamvika shati lake zuri, na rafiki yake Thobias akamtia kitambulisho kwenye mfuko wa shati, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwagombeza kila asubuhi kwamba mtu asitembee bila kitambulisho. Hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekumbuka mpaka siku ya tatu ya msiba, walipokaa wakitafuta picha ya kuweka mezani, Thobias akashika kichwa.

"Hamna nyingine?" niliuliza. "Ya harusi?"

"Iliungua pamoja na nyumba, mwaka tisini na tano. Tukasema tutapiga nyingine." Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuna ukingo wa daftari langu la tisa. "Wakubwa wanamkumbuka baba yao. Huyu Festo ana miezi saba. Jumapili kuna misa ya kumwombea marehemu, lakini mimi sikuja kwa ajili ya misa hasa. Nimekuja kwa ajili ya huyu."

Nilijisikia vizuri, niseme ukweli. Hii ndiyo kazi yangu, nikajiambia, hii ndiyo maana ya kutunza. Nikachukua karatasi yake, nikawasha kompyuta, nikafungua folda, nikashuka hadi namba ishirini na tatu, nikabonyeza. Nikamgeuzia kioo kama mtu anayefungua pazia.

"Huyo hapo."

Evelina akasogea. Akatazama muda mrefu.

"Huyu si Tarsisi."

"Ni namba ishirini na tatu."

"Ndiyo, mama. Lakini si Tarsisi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipanda, na hasira yangu mimi haihitaji ngazi. Nikamwambia kwenye studio hii namba haikosei. Nikamwambia mtu kwenye kompyuta huonekana tofauti kidogo, na mfiwa naye macho yake huwa yamechoka. Nilimwambia hayo mjane, mbele ya mtoto wake.

Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Nimelala naye miaka kumi na saba."

Nikarudi kwenye folda. Nikahesabu picha kwa kidole kwenye kioo. Arobaini. Nikafungua ya kwanza, nikatazama saa na tarehe iliyoandikwa chini yake. Ilikuwa siku ya safari ya pili. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote za safari ya pili. Kisha nikakumbuka lile swali katikati ya kuhamisha, na chai yangu, na nikaelewa nilikuwa nimeulizwa nini. Kadi ikishafutwa, ile kamera ilikuwa inaanza tena kuhesabu kutoka moja. Moja mpya ilikuta moja ya zamani mlangoni, kompyuta ikaniuliza kwa adabu kama imtoe wa zamani aingie mpya, na mimi nikakubali mara arobaini kwa kidole kimoja. Hakukuwa na kabati la nyuma.

Wale thelathini na tisa wengine wa Jumatatu tulikwenda kuwapiga upya mwezi wa kwanza, bure. Lakini wa ishirini na tatu asingeweza kupigwa upya.

"Kompyuta ina shida," nikasema.

Evelina akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea vitu kuwa na shida.

"Sawa, mama. Ikitengenezwa nirudi lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo hapo. Nilimwona amepanga tayari: arudi Ushirombo, alale Kahama, aje tena na mtoto mgongoni, mara mbili, mara tatu, na kila mara nimwambie fundi hajafika. Ningeweza kufanya hivyo. Watu wengi hufanya hivyo na wanalala usingizi.

"Usirudi," nikamwambia. "Haikuharibika. Ni mimi. Picha ya mume wako ilikuwepo humu, na mimi ndiye niliyeifuta bila kujua. Nisamehe, mayu."

Nilitegemea alie, au anitukane, ningekubali lolote. Hakufanya hata moja. Macho yake yalibaki kwenye kioo, kwa yule mwanamume mgeni wa namba ishirini na tatu.

"Hilo shuka ni langu," alisema.

"Lipi?"

"Hilo nyuma yake."

Nikatazama. Hozefa hupenda nyuma ya mtu pawe peupe, na kule machimboni hakuna ukuta mweupe, kuna miti na magunia. Kwa hiyo walisimamisha shuka nyuma ya kiti. Nilikuwa nimezichapa picha zote hizo na sikuwa nimeona kuwa lile shuka limedariziwa. Ndege wawili wekundu wameelekeana, majani ya kijani, na ukingo wa kroshia.

"Nimelidarizi mwenyewe miezi mitano kabla ya harusi," alisema Evelina. "Ndilo pekee lililopona moto, lilikuwa kambani. Nimelitafuta tangu mwezi wa kumi. Nilimsingizia wifi yangu kwamba ameliiba, mpaka leo hatusalimiani." Akaweka kiganja mdomoni. "Kumbe alilipeleka yeye machimboni. Mwanaume huyu. Shuka la ndani analipeleka kwenye matope."

Ilikuwa hasira ya kweli, hasira ya mke, na nilifurahi kuisikia kwa sababu ilikuwa ni ya kumsema mtu kana kwamba yuko chumba cha pili.

Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo juu kabisa, pembeni kulia.

"Na hicho ni kidole chake."

Kwenye kona ya picha, juu ya ukingo wa kroshia, vilionekana vidole vinne vimeshika shuka. Ukucha wa kidole cha kati ulikuwa mweusi wote. Nyundo, alisema Evelina, tangu mwezi wa saba. Alimwambia aende zahanati akakataa.

Lazima niwaeleze jinsi nilivyokuwa nikichapa. Kitambulisho kinahitaji kichwa na mabega, basi. Kwa hiyo kila picha nilizungushia kichwa na mabega kwa kipanya, nikachapa kipande hicho tu, nikafunga bila kuhifadhi. Pembeni sikutazama kamwe. Lakini picha nzima, na pembe zake zote, ilibaki kompyutani kama ilivyopigwa.

Tulianza upya kutoka namba moja. Nilivuta kiti chake karibu na changu, Festo nikampakata mimi. Kwenye picha za mwanzo mshikaji alikuwa makini, vidole tu, wala huwezi kujua kama shuka limeshikwa na mtu au limepigiliwa msumari. Upande wa pili kulikuwa na vidole vingine. Thobias huyo, alisema. Namba tisa, kiganja kizima. Kumi na nne, kiwiko. Evelina alikuwa ameegemea mbele, na kila picha ilipofunguka hakumtazama kabisa aliyekaa kitini. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukingo. Mimi nami nikajifunza kutazama huko. Kumi na tisa, mkono wa shati umekunjwa mara mbili.

"Anachoka sasa," alisema. "Akichoka anainama upande. Utaona."

Ishirini na sita, bega. Ishirini na nane, bega na sikio. Thelathini tukampoteza, amejiweka sawa tena, pengine Hozefa alimkemea. Thelathini na moja, vidole. Thelathini na mbili, vidole. Thelathini na tatu, hakuna chochote, hata ukucha, na nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo, mimi ambaye siku ile nilikuwa sistahili kumwomba kitu.

Nikabonyeza thelathini na nne.

Upepo ulikuwa umepiga. Kitini alikaa kijana wa watu, ametulia kabisa, kidevu juu, hana habari ya kinachotokea nyuma yake. Shuka lilikuwa limeporomoka upande mmoja, ndege mmoja yuko chini na mwingine amelala begani kwa mwanamume mrefu, mwembamba, aliyebaki wazi mbele ya kamera na shuka la mke wake limemzunguka shingoni. Anacheka. Anamtazama mpiga picha moja kwa moja, na pengo la jino moja linaonekana.

Evelina alicheka kwanza. Alicheka kwa sauti, akamchukua Festo mapajani mwangu, akamgeuza uso kwenye kioo. "Mwone baba. Mwone baba yako na ujinga wake." Kisha akalia, na mimi nikalia pamoja naye, sikujizuia wala sikutaka kujizuia. Mtoto alitutazama kwa zamu, akaona bora arudi kwenye daftari.

Nilikuwa nimemwona huyo mtu. Hilo ndilo lililoniuma. Mwezi wa kumi alitokea mbele yangu, ukubwa wa kioo kizima, anacheka, na mimi nikazungushia kichwa cha aliye mbele yake nikaendelea na thelathini na tano. Nilimfuta mara ya kwanza kwa kubonyeza na mara ya pili kwa kutomtazama.

Nikajifuta uso kwa kanga, nikashika kipanya. Safari hii nilimzungushia yeye.

"Shuka nalo lionekane," alisema Evelina.

"Na ndege wote wawili?"

"Yule wa begani anatosha."

Nikapima polepole, nikaacha nafasi juu ya kichwa kama anavyopenda Hozefa, nikachapa tatu kubwa kwenye karatasi nzuri niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya harusi ya watu wa Kishapu. Zilitoka zimelowa kidogo. Nikamwambia asiziguse mpaka zikauke, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akainama juu yake.

Kisha nikataka kuihifadhi ile picha ya Tarsisi ndani ya kompyuta, ili isipotee tena. Nikabonyeza. Kompyuta ikauliza.

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kukubali. Nikakiondoa. Nikavaa miwani, nikaanza kulisoma lile swali neno kwa neno, yale niliyoyajua na yale ya kubahatisha, nikarudi mwanzo nikalisoma tena.

"Inasemaje?" aliuliza Evelina.

"Inasema kwenye namba hii kuna mtu mwingine, yule aliyekaa kitini. Inauliza kama nimtoe yeye, nimweke mumeo."

Akatazama kioo.

"Huyo ni Eustace," alisema. "Ana mke kule Ushetu. Usimtoe."

Nikabonyeza kukataa. Kompyuta ikaniuliza basi picha hii mpya iitweje, na mimi sikuandika namba. Niliandika Tarsisi, herufi moja moja, na Evelina akinisimamia begani kuhakikisha sikukosea.